Seva ya DNS inakosa rasilimali kwa dakika chache kisha inapona yenyewe: nianzie wapi?

Mlinda_Zoni ameuliza:

Ndugu wasimamizi wa mitandao, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenishinda kwa wiki tatu sasa.

Ninasimamia seva moja ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani za namba) inayoendesha programu ya BIND 9 juu ya Linux. Seva hii inafanya kazi mbili: inajibu maulizo yanayohusu zoni yetu wenyewe (yaani majina ya kikoa chetu), na inawatafutia majina ya nje watumiaji wa ndani, ambao kompyuta zao ni kama mia nane, pamoja na seva ya barua pepe na mashine chache za huduma nyingine. Ina viini vinne vya prosesa na memori ya GB 8, na kwa miaka miwili haikuwahi kunisumbua.

Mara tatu au nne kwa siku, katika saa ambazo siwezi kuzitabiri, watumiaji wanaanza kulalamika kwamba kurasa hazifunguki. Nikijaribu kwa `dig`, majina mengine yanarudisha SERVFAIL (yaani seva imeshindwa kupata jibu) na mengine hayarudishi chochote. Baada ya dakika tano hadi kumi hali inatulia bila mimi kugusa kitu. Batli ya BIND inajaa mistari inayosema "no more recursive clients: quota reached" (kikomo cha wateja wanaotafutiwa majibu nje kimefikiwa), na tangu wiki iliyopita kerneli, yaani moyo wa Linux, nayo imeanza kuandika "nf_conntrack: table full, dropping packet" (jedwali la miunganisho limejaa, pakiti inatupwa). Wakati wote huo prosesa haipiti asilimia 20, na nusu ya memori iko wazi, kwa hiyo sielewi ni rasilimali gani hiyo inayokwisha.

Nimefanya mambo mawili mpaka sasa. Kwanza, nimekuwa nikiizima na kuiwasha upya BIND kila tatizo linapotokea, na linaondoka, ingawa nakiri kwamba huenda lingeondoka hata kama ningekaa kimya. Pili, nilipandisha kikomo hicho cha wateja, `recursive-clients`, kutoka 1,000, ambacho ndicho kiwango cha kawaida, hadi 5,000. Tukapumua siku mbili, kisha hali ikarudi ikiwa mbaya zaidi, na ujumbe wa kerneli ulianza baada ya hapo. Jambo jingine nililoliona ni kwamba hata katika dakika mbaya kabisa, zoni yetu wenyewe inajibiwa papo hapo, na majina yanayotumiwa sana pia yanajibiwa.

Je, seva imezidiwa na nahitaji mashine kubwa zaidi, au tunashambuliwa, au kuna mpangilio nilioukosea?

Fundi_wa_Usiku amejibu:

Ndugu Mlinda_Zoni, umeeleza vizuri, na sentensi yako ya mwisho kabla ya swali ndiyo inayonifanya niamini kwamba huhitaji mashine kubwa zaidi. Kama zoni yako na majina yaliyomo kwenye kache (akiba ya majibu yaliyokwisha kupatikana) yanajibiwa papo hapo, basi programu ina nguvu zake zote. Kinachokwama ni yale maulizo tu ambayo BIND inalazimika kwenda kuyatafutia jibu nje.

Hapa ndipo neno "rasilimali" linapopotosha watu. Kikomo cha `recursive-clients` hakihesabu maulizo yanayoingia kwa sekunde. Kinahesabu wateja ambao wakati huu wanangoja BIND irudi na jibu kutoka nje. Idadi hiyo ni zao la vitu viwili: maulizo mangapi yanaingia kwa sekunde, na kila moja linangoja kwa muda gani. Tuseme watumiaji wako wanaleta maulizo 200 kwa sekunde yasiyokuwemo kwenye kache, na kila moja linapata jibu kwa sekunde 0.05. Wanaongoja kwa wakati mmoja ni kumi tu, na kikomo cha 1,000 kiko mbali mno. Sasa chukua maulizo 100 tu kwa sekunde yanayoelekezwa kwa seva zisizojibu kabisa. BIND kwa kawaida haikati tamaa mpaka zipite sekunde 10, na 100 mara 10 ni 1,000. Umejaza kikomo kwa nusu ya maulizo ya awali.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "nani anauliza sana?" bali "nini kinangojwa?". Kupandisha kikomo kabla ya kulijibu swali hilo ni sawa na kuongeza viti katika chumba cha kungojea ilhali daktari hajafika. Gharama yake katika memori ni ndogo, kwani kila mteja anayengoja huchukua takribani kilobaiti 20 na wateja 5,000 hawafikishi hata GB moja, lakini gharama yake mahali pengine ndiyo uliyoiona kwenye kerneli.

Nitaeleza, maana makosa hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alipoonyesha jinsi ilivyo rahisi kuingiza majibu ya uongo kwenye kache, kwa sababu namba ya utambulisho wa ulizo ina nafasi 65,536 tu, seva za DNS zilianza kutuma kila ulizo la nje kupitia poti ya kubahatisha. Ni kinga nzuri na usiiondoe. Lakini kwa jedwali la faiawoli la kufuatilia miunganisho, poti mpya maana yake ni muunganisho mpya, na kwa pakiti ya UDP (njia ambayo DNS huitumia zaidi) ambayo haijapata jibu, rekodi hiyo hukaa kwenye jedwali sekunde 30 kwa mpangilio wa kawaida wa Linux. Jina moja lisilojibiwa hutumiwa pakiti kadhaa kabla ya BIND kukata tamaa; tukadirie tano. Kwa kikomo chako cha zamani, majina 100 yaliyokwama kwa sekunde, mara pakiti tano, mara sekunde 30, ni rekodi 15,000. Kwa kikomo kipya yanaweza kuwa majina karibu 500 kwa sekunde, yaani rekodi 75,000. Angalia `nf_conntrack_max` yako, yaani kikomo cha rekodi za jedwali hilo. Nisingeshangaa nikiambiwa ni 65,536. Ulipopandisha kikomo cha kwanza, ulilihamishia tatizo kwenye kikomo cha pili, na hiki cha pili ni kibaya zaidi kwa kuwa hakichagui: jedwali likijaa, pakiti za muunganisho wowote mpya zinatupwa, ziwe za DNS au zisiwe.

Sasa naomba usiizime BIND tatizo litakapotokea tena. Ukiizima unafuta ushahidi. Badala yake fanya hivi: weka skripti inayoandika matokeo ya `rndc status` (`rndc` ni amri ya kuidhibiti BIND) kila sekunde kumi pamoja na saa, ili tuone namba ya wateja wanaongoja inavyopanda. Katika mstari wa wateja hao utaona namba tatu: waliopo sasa, kikomo laini na kikomo kigumu. Kwa 5,000 kikomo laini ni 4,900. Kikipitwa, BIND humpokea mteja mpya na kumwacha mmoja aliyekuwa akingoja. Ndiyo sababu ya yale majina yasiyorudisha chochote. Kisha, tatizo likiwa limepamba moto, toa amri ya `rndc recursing`. Itaandika faili yenye orodha ya kila mteja anayengoja na jina analolingojea. Panga orodha hiyo kwa jina, kisha kwa anwani ya mteja, utuletee utakachokiona. Usiandike hapa anwani halisi za ndani.

Kamba_na_Poti amejibu:

Nakubaliana na hesabu ya Fundi_wa_Usiku, lakini ningeshauri usiishie kwenye nadharia ya kungoja peke yake, kwa sababu nimewahi kuifuata nadharia hiyo kwa siku nne nzima na jibu likawa mahali pengine. Kwangu ilikuwa idadi ya faili na soketi ambazo programu inaruhusiwa kuzifungua kwa wakati mmoja. Mtu alikuwa amehamisha BIND kwenye huduma mpya ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) na kusahau `LimitNOFILE`, mpangilio wa kikomo hicho cha faili, hivyo programu ikabaki na 1,024. Siku za kawaida hakuna aliyejua. Siku ya msongamano soketi zilikwisha. Soma faili ya `limits` ya programu hiyo ndani ya `/proc`, usitegemee kile ambacho `ulimit` inakuambia kwenye terminali yako, maana hiyo ni mipaka ya terminali na si ya huduma.

Angalia pia `netstat -su`. Kama hesabu ya makosa ya bafa ya kupokea (mahali pakiti zinaposubiri kusomwa) inapanda wakati wa tatizo, basi kerneli inatupa pakiti kabla BIND haijazisoma, na BIND haiwezi kuandika kwenye batli pakiti ambazo haikuziona.

Kuhusu kushambuliwa: hakikisha `allow-recursion`, mpangilio wa nani anaruhusiwa kutafutiwa majina ya nje, inawaruhusu watu wa ndani tu. Lipo shambulio la kuuliza majina ya ovyo chini ya kikoa kimoja, herufi zimechanganywa bila maana, ili kila ulizo likose kwenye kache na kuiangukia seva ya mwenye kikoa hicho. Seva hiyo ikizidiwa na kunyamaza, wanaoumia ni pamoja na wewe uliyekuwa katikati. Ukiona majina ya namna hiyo kwenye orodha ya `rndc recursing`, umepata jibu lako.

Na kwa upande wa jedwali la kerneli, mimi ningeondoa kabisa ufuatiliaji wa miunganisho kwa poti ya 53 kwenye seva hiyo. Seva ya DNS haina faida kubwa na ufuatiliaji huo.

Fundi_wa_Usiku amejibu:

Mambo mawili ya kwanza aliyoyataja Kamba_na_Poti ni ya lazima kukaguliwa, nami nilistahili kuyataja. Hilo la mwisho naliwekea tahadhari. Ukiondoa ufuatiliaji, kanuni ya faiawoli inayoruhusu majibu ya miunganisho iliyokwisha kuanzishwa haitayatambua tena majibu yanayorudi kutoka nje, na seva itakuwa kiziwi mpaka uandike kanuni ya kuruhusu pakiti zinazotoka kwenye poti ya 53 ya mbali. Kanuni hiyo nayo inamfungulia mlango yeyote anayeweza kujifanya ametoka kwenye poti hiyo. Inafanyika, na seva kubwa hufanya hivyo, ila si kitu cha kujaribu saa za kazi watu wakiwa wanalalamika.

Mlinda_Zoni amejibu:

Nawashukuru sana. Nimelinasa tatizo leo saa nne na dakika tano asubuhi.

Skripti inaonyesha kwamba wateja wanaongoja walikuwa chini ya 20 mpaka saa nne kamili. Kufikia saa nne na dakika moja walikuwa wameshafika 4,871, na wakabaki wakipanda na kushuka kwenye kikomo laini kwa dakika saba, kisha wakarudi chini ya 20 ghafla kama walivyopanda. Kwa kuwa ilianza saa kamili, nilianza kushuku kitu kilichopangwa kabla hata sijafungua orodha.

Katika mistari 4,871 ya orodha, zaidi ya 4,300 ni majina yanayoishia na `in-addr.arpa` (yaani maulizo ya kinyume, ya kutafuta jina la anwani), na yote yametoka kwa mteja mmoja: mashine yetu ya kukusanya batli za faiawoli. Ina programu ya kutengeneza ripoti kila baada ya saa mbili. Wiki tatu zilizopita mwenzangu alitaka ripoti ionyeshe majina badala ya anwani za namba tupu, akawasha chaguo hilo. Programu inasoma kila mstari, inauliza jina la anwani iliyomo, na haingoji jibu la kwanza kabla ya kutuma ulizo la pili. Sikuona mpangilio wa saa mbili kwa sababu usiku hakuna wa kulalamika, na ripoti zinazofuata vipindi vya utulivu zina mistari michache kiasi kwamba kikomo hakijai.

`nf_conntrack_max` ni 65,536, kama ulivyobashiri. Mipaka ya faili iko sawa, nayo `allow-recursion` ni ya mitandao ya ndani tu. Makosa ya bafa ya kupokea yapo, ila ni machache na hayakupanda katika dakika zile saba.

Kinachonisumbua ni hiki: anwani zinazotugongea kwenye faiawoli ni za mashine zilizo hai mahali fulani duniani. Kwa nini kutafuta majina yao kukwame hivyo? Na anwani zetu za ndani, ambazo pia zimejaa kwenye batli hizo, mbona hazimo kwenye orodha kabisa?

Fundi_wa_Usiku amejibu:

Nianze na swali la pili kwa kuwa ni jepesi. BIND huja na zoni tupu zilizojengwa ndani kwa ajili ya anwani za binafsi za RFC 1918 (waraka unaotenga anwani za mitandao ya ndani), ikiwemo `10.in-addr.arpa`. Ukiuliza jina la anwani ya namna hiyo na hujaiundia zoni yako, BIND inajibu yenyewe mara moja kwamba jina halipo, bila kutoka nje.

Swali la kwanza lina uzito zaidi. Kuwa hai kwa mashine hakuhusiani na kuwa hai kwa zoni ya kinyume ya anwani yake, yaani ile inayotaja jina la anwani hiyo. Jina la kawaida lina mtu anayelitegemea: tovuti isipofunguka, mwenyewe atajua ndani ya saa moja. Zoni ya kinyume mara nyingi haina anayeiangalia. Mwenye mtandao aliikabidhi kwa seva mbili miaka mingi iliyopita, seva zikazimwa au zikabadilishwa anwani, na ukabidhi ukabaki unaelekeza mahali pasipo na mtu. Na mitandao inayorusha takataka kwenye faiawoli za watu kwa kawaida si ile inayotunzwa vizuri, kwa hiyo batli yako ni mkusanyiko wa sehemu mbovu kabisa za mti wa `in-addr.arpa`.

Angalia pia tofauti ya "hapana" na ukimya. Seva ikijibu kwamba jina halipo, hilo ni jibu kamili: linafika haraka na linawekwa kwenye kache, ulizo la pili halitoki tena nje. Ukimya hauna cha kuwekwa. BIND hukumbuka kushindwa kwa SERVFAIL kwa sekunde moja tu kwa mpangilio wa kawaida, na mstari mwingine wa batli wenye anwani ileile ukija dakika moja baadaye, safari inaanza upya. Kama ripoti yako haiondoi marudio, huenda anwani moja mbovu inaulizwa mara mia kadhaa.

Dawa ya kweli basi iko kwenye programu ya ripoti. Ichuje kwanza anwani zisirudiwe, iulize kila moja mara moja, isizidishe maulizo ishirini yanayongoja kwa pamoja, na iweke akiba ya majibu, pamoja na yale yaliyoshindikana, kwa siku nzima. Kama programu haikupi uwezo huo, zima majina. Msimamizi anayetaka kujua anwani moja ni ya nani ataiuliza mwenyewe, tena zoni ya kinyume si ushahidi wa kutegemewa, kwa maana mwenye anwani anaweza kuandika humo jina lolote apendalo.

Jambo la pili, hata kama la kwanza likifanikiwa: ipe mashine ile ya batli seva yake ndogo ya kutafuta majina, iendeshwe humohumo ndani yake. Kazi ya mafungu isiyo na haraka haifai kushindania nafasi na mtu anayengoja ukurasa ufunguke.

Utakutana na ushauri wa kuwasha `fetches-per-server` na `fetches-per-zone`, vikomo vya maulizo kwa kila seva ya nje na kila zoni, ambazo kwa kawaida zimezimwa. Ni vifaa vizuri dhidi ya shambulio alilolitaja Kamba_na_Poti, ambapo maelfu ya majina yanaelekea kwenye zoni moja. Kwako anwani zimetawanyika kwenye maelfu ya zoni na seva, kila moja ikiwa na maulizo machache, hivyo vikomo hivyo visingefikiwa kamwe. Wala usipunguze muda wa kungoja wa sekunde 10, kwa sababu utawakata pia watu halali ambao seva zao ziko mbali au ni nzito kujibu.

Kisha rudisha `recursive-clients` kuwa 1,000. Kwa hesabu yako, siku ya kawaida haifiki 20.

Kamba_na_Poti amejibu:

Nakubali, na ninaondoa pendekezo langu la kerneli. Hapa jedwali lilikuwa mhanga tu. Naongeza moja: usingoje ujumbe wa kikomo kujaa ndipo ujue. Skripti yako tayari inasoma namba, iache iendelee, na iwe inakutumia ujumbe namba ikipita kiwango unachokichagua.

Mlinda_Zoni amejibu:

Nimerudi baada ya siku tano. Programu ya ripoti haikuwa na namna ya kupunguza maulizo ya pamoja, kwa hiyo nimezima majina ndani yake na kuandika skripti fupi inayochuja anwani zisizorudiwa na kuziuliza kumi kumi, usiku, kupitia seva ndogo iliyowekwa kwenye mashine ileile ya batli. Mstari mmoja wa kushangaza: katika batli ya siku moja yenye mistari zaidi ya laki sita, anwani za nje zisizorudiwa zilikuwa chini ya elfu kumi na mbili.

`recursive-clients` imerudi 1,000. Ukiondoa tukio moja nitakalolitaja, kilele cha wateja wanaongoja kwa siku zote tano kimekuwa 61, asubuhi watu wanapowasha kompyuta zao. Jedwali la kerneli halijapita rekodi 9,000. Tahadhari nimeiweka kwenye 300, na mpaka sasa haijalia isipokuwa mara moja, pale mwenzangu alipoiendesha ripoti ya zamani kwa mkono kutoka kwenye kompyuta yake. Nimemwonyesha uzi huu.

Makosa machache ya bafa ya kupokea bado yapo, kama matatu au manne kwa saa, na hayalingani na wakati wowote ninaoutambua. Nitayafungulia swali lake nikishakusanya vipimo vya wiki nzima.